Mahojiano ya Nane

Jumatatu, 17 Februari

Muhula umefunguliwa na mvua. Nimefika chuoni nimelowa mpaka mifupani, Dakta Latu, mhadhiri wangu, akanikalisha hivyo hivyo na kunigeuzia kompyuta yake niione hali yangu. Nimebakiza masomo matatu: takwimu, nadharia za jamii, na mradi wa utafiti. Nikiyafaulu, sosholojia yangu imekamilika. Nisipoyafaulu mwaka huu, masomo niliyosoma kabla mwanangu Mere hajazaliwa yatahesabiwa kuwa yamechakaa, nami nitaanza moja.

"Kwa hiyo nikikwama?" nikamuuliza.

"Utakuwa mtu anayejua mambo mengi na hana cheti. Port Vila ina watu kama hao wengi, Leiwia. Sokoni wamejaa tele."

Dakta Latu ni mama wa kutoka visiwa vya Tonga, akicheka kiti nacho kinacheka. Nimecheka naye. Njiani nikirudi nyumbani Seaside sikucheka tena. Nilitaka kumwambia mume wangu Tarilama palepale, nikiwa bado nimelowa, lakini simu yake haipatikani siku za kazi.

Jumapili, 23 Februari

Amepiga baada ya ibada, kama kawaida yake. Sauti tu. Kamera ya simu yake ilivunjika mwaka jana, na huko shambani hakuna fundi.

"Ndimu zimeanza kuwa za manjano, Mama Mere," akasema. "Ukisimama mwisho wa mstari huoni ulipoanzia."

Nampenda anaponisimulia hivyo. Nafumba macho, naiona Queensland, kule Australia, ambayo sijawahi kuikanyaga: miti imejipanga kama wanafunzi, yeye na ngazi yake juu, kofia imerudi kisogoni. Alipaswa kurudi Desemba. Akasema mkataba umeongezwa, mpaka katikati ya mwaka. Mere alikuwa ameshachora ndege ya baba yake.

Simu ilipokatika mama mkwe akatoa kichwa jikoni. "Anarudi lini?"

"Hakusema, Mama."

"Na wewe hukumuuliza. Msomi mzima!"

Ijumaa, 28 Februari

Mvua. Takwimu. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Nilipeleka wazo la mradi: wanaume wanaokwenda Australia kuchuma matunda. Dakta Latu akasoma, akavua miwani.

"Hao wanaume umewaona wapi? Wako ng'ambo. Hapa wamebaki nani?"

"Wake zao."

"Haya, ndio utakaowahoji. Na wewe ni mmoja wao, kwa hiyo usijifiche nyuma ya maneno makubwa."

Mahojiano yasiyopungua manane, na yakipungua hawasahihishi. Nimekubali. Nilipofika nyumbani mama mkwe akauliza nitakuwa nafanya nini. Nikamwambia nitawauliza wanawake wanavyoishi bila waume zao.

"Kwa hilo wanatoa digrii?" akasema, akaendelea kukuna muhogo wa laplap, chakula chetu cha kuoka majanini.

Ijumaa, 14 Machi

Leo tumefundishwa kuhoji. Kumbe nusu ya kazi ni kunyamaza. Unauliza, kisha unafunga mdomo, unaacha kimya kimuume mwenzako mpaka aseme lile alilokuwa hataki kusema. Noela aliyekaa kando yangu akaninong'oneza kwamba mama yake anajua mbinu hiyo tangu zamani, hana cheti chochote.

Tumefundishwa na maadili pia. Jina la mtu halitajwi. Alichosema hakitoki nje kwa namna ya kumtambulisha. Akitaka kujitoa, wakati wowote, hata bila sababu, maneno yake yanaondolewa. Nimeapa mbele ya kamati. Nimeapa kwa wepesi, kama mtu anayeahidi kuja harusini.

Jumanne, 18 Machi

Mama wa kwanza, mtaa wa Manples. Alicheka mahojiano mazima. "Hamu? Mimi nina kitanda chote peke yangu!" Nilipoaga akanishika mkono, akakataa kuuachia mpaka basi lilipofika.

Jumapili, 23 Machi

Ndimu tena. Anasema mwaka huu ni kubwa. Mere alimwambia jino limetikisika. Akasema, "Lisubiri Baba." Mtoto akaniuliza usiku jino linasubirishwaje.

Jumatano, 26 Machi

Naandika polepole.

Leo nilikuwa mtaa wa Ohlen kwa Rotina, mama wa kisiwa cha Ambrym anayeshona magauni ya kisiwa. Ni mahojiano yangu ya tano. Cherehani iko mlangoni, watoto wa jirani wanapita juu ya vitambaa, naye anawafukuza huku anaongea na mimi, sindano haisimami. Nilimpenda mara moja. Mumewe, Obed, alikuja Krismasi akarudi tena Australia mwezi uliopita. Nikamuuliza kama kuna mambo waume hawawaambii wake zao.

Akacheka. "Dada wa chuo, usiniulize hilo."

Nikanyamaza. Nilikuwa najivunia, nikikumbuka darasa.

Cherehani ikasimama. "Umesema siri ni siri?"

"Siri ni siri."

"Basi sikia. Obed wangu hajui kuficha, ana tumbo la kuendesha. Lakini kuna mwenzao, mtu wa kisiwa cha Tongoa. Tari. Wanamwita Jogoo, maana kabla hakujapambazuka keshashika gitaa. Huyo hayupo shambani tangu Novemba. Ametoroka."

Kuna Tari mmoja tu anayeitwa Jogoo. Jina hilo Tarilama alinisimulia mwenyewe, tukacheka hadi mama mkwe akagonga ukuta.

Rotina akaendelea. Mwaka jana mvua ziliharibu msimu, siku za kazi zikawa chache, na pesa ya chumba na ya basi ikakatwa vilevile. Mwezi wa kumi na moja watu wakaanza kufungasha kurudi, Tari akaona atafika kwao mikono mitupu, nyumba ameiacha haina bati. Akamwomba Obed ampeleke kituo cha basi alfajiri, kwa gari la msimamizi, bila ruhusa. Sasa yuko mji wa ndani huko, kiwanda cha kuku, hana kibali.

"Wakijua kwamba Obed ndiye aliyempeleka, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wachumaji," Rotina akasema. "Hapati kwenda tena maisha. Na mimi na hawa watoto tutakula vitambaa. Kwa hiyo nimekwambia wewe tu, kwa sababu umeapa." Akakanyaga cherehani. "Ninayemhurumia ni mkewe. Yuko hapa hapa mjini, sijui sehemu gani. Maskini, kila Jumapili anadanganywa."

Nilimshukuru. Nilimwuliza swali lililofuata, na lililofuata hilo, mpaka yakaisha. Sijui nilivuka barabara namna gani.

Jumapili, 30 Machi

"Ndimu zinakaribia kwisha," akasema. "Wiki ijayo tunaingia machungwa."

Nilifumba macho kama siku zote. Sikuona mti hata mmoja.

Nilisema, "Pole na kazi, Baba Mere."

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefeli jaribio la takwimu. Maswali nilikuwa nayajua.

Jumapili, 6 Aprili

Leo alisimulia mzee wa Kizungu mwenye shamba, na mbwa wake mwenye macho ya rangi mbili. Kwa ufundi! Nilimsikiliza nikiwa na hasira, halafu katikati ya hasira nikagundua kitu kingine: anapakumbuka. Shamba lile, wenzake, ngazi. Yuko kwenye kuku, anatamani ndimu, anakuja kunisimulia mimi ndimu. Nilitaka kulia kwa ajili yake, na nilitaka kumrushia simu ukutani, yote mawili kwa wakati mmoja.

Mama mkwe: "Anarudi lini?"

"Niache, Mama!"

Hakuna aliyekula vizuri. Mere ametumaliza kwa macho.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Dakta Latu. Nikasema, tuseme kuna mtafiti, na katika mahojiano akasikia jambo linalomhusu yeye mwenyewe.

Aliinua mkono. "Usiniambie ni jambo gani. Wala nani."

"Sisemi."

"Linahatarisha uhai wa mtu?"

"Hapana. Linahatarisha riziki ya mtu. Na nyumba ya huyo mtafiti."

Safari hii kiti hakikucheka. "Ahadi hukuipa karatasi, Leiwia. Uliipa mtu. Huyo aliyekwambia anajua wewe ni nani?"

"Hajui."

"Basi hapo ndipo una kazi. Alikubali kusema na mgeni, na wewe si mgeni. Itabidi ajue, naye aamue." Akanisogezea sahani ya biskuti. "Na huyo mwingine, aliye mbali, ana mdomo wake. Mtafiti hamtii mtu maneno mdomoni."

Kumwambia Rotina ni kumkabidhi wembe. Anaweza kujitoa. Nina mahojiano saba mkononi na ya nane wiki ijayo. Nikipoteza ya kwake, wanabaki saba, na saba hawasahihishi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani wameimba bila gitaa. Tangu aondoke hawajapata mwingine.

Jumamosi, 26 Aprili

Mahojiano ya nane yamekwisha, mtaa wa Freswota. Sijaenda Ohlen. Kila siku nasema kesho.

Jumapili, 4 Mei

Nimeandika maneno haya jikoni, mama mkwe amempeleka Mere baharini makusudi.

Alipiga. Mvua ilikuwa imetulia siku tatu, hewa safi, sauti yake karibu kabisa. Akaanza machungwa. Nikamwuliza, kwa upole, kama ninavyowauliza wale akina mama: "Leo uliamkaje, Baba Mere? Niambie tangu ulipofungua macho."

"Niliamka vizuri."

Sikusema kitu.

"Kuna baridi kidogo."

Sikusema kitu. Niliusikia mlango ukifungwa kwake, na honi ya gari kubwa kwa mbali. Shambani hakuna magari makubwa Jumapili, aliwahi kuniambia. Naye alijua nimeisikia. Nilishika meza. Jina la Obed lilikuwa kwenye ulimi wangu limekaa kama mbegu ya ndimu, na sikulitema.

"Mama Mere, upo?"

"Nipo. Sina haraka."

Kikapita kimya ambacho sijawahi kukipitia na mtu yeyote. Kisha akapumua kwa namna ambayo niliwahi kuisikia mara moja tu, siku alipozikwa baba yake.

"Siko shambani," akasema. "Sijawa shambani muda mrefu."

Akasema yote. Kiwanda cha kuku, buti zenye maji, chumba cha wanaume sita, jina la mtu mwingine kwenye kadi ya kazi. Kamera ya simu haijavunjika. Hakutaka nione ukuta ulio nyuma yake. Kuhusu safari ya kituo cha basi alisema tu "rafiki alinisaidia," sikuuliza ni rafiki gani.

"Pesa ya bati ulituma ya nini basi?" nikamuuliza. "Mimi nililia bati? Nilikuomba bati?"

"Nilitaka nikirudi niwe nimerudi na kitu."

"Mere anasubirisha jino! Unajua mtoto analala ameshika mdomo? Na wewe unanisimulia mbwa!"

"Mbwa ni wa kweli," akasema, kwa unyonge sana, nami Mungu anisamehe nikacheka, akacheka, halafu tukalia wote wawili kama watoto waliovunja chungu.

Nikamwambia anafanya atakavyo, ila mimi ndimu sitaki tena. Akasema anaogopa. Akijisalimisha watamrudisha, na hatapewa ruhusa kwenda tena. "Nitakuja kufanya nini hapo?"

"Kupiga gitaa kanisani," nikamwambia. "Wanaimba vibaya."



Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Ohlen. Nilisimama mlangoni, nikasema kabla sijakaribishwa, kwa sababu ningekaa nisingesema: "Rotina, mke wa Tari ni mimi. Nilipokuja sikujua. Ulipotaja jina ndipo nilipojua. Jina la mumeo sijalitamka kwa mtu, hata kwa Tari. Ameniambia mwenyewe Jumapili, na rafiki aliyemsaidia hakumtaja."

Aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Ukakaa pale," akasema. "Ukakaa hapo ulipokaa, ukaniacha nikuhurumie usoni."

"Ndiyo."

"Ukanywa na chai yangu."

"Ndiyo, dada."

"Usiniite dada! Wiki ngapi nimelala nikijua siri ya mume wangu iko salama, kumbe nimemwekea fisi bucha!" Watoto walikimbia nje. Alitaja mama yangu, akataja na chuo. Sikujitetea. Alipochoka, akaketi, akavuta kitambaa mapajani, akakitazama kama hajui ni cha nani.

"Nataka maneno yangu," akasema. "Yatoe yote."

Nikafungua simu mbele yake, nikafuta sauti yake. Nikamwambia na yale niliyonakili nayafuta leo, na nimeyafuta.

Akanisindikiza hadi barabarani, sijui kwa nini. Basi lilipokuja akasema bila kunitazama, "Kwa hiyo hukumwambia mtu. Hata mama mkwe wako."

"Hata yeye."

"Mimi ningesema," akasema Rotina. "Siku ile ile ningesema."

Alhamisi, 8 Mei

Wamebaki saba. Nimepiga simu Blacksands, Manples, kila mahali. Mmoja yuko kisiwani msibani, mwingine hataki, mwingine mumewe amerudi na hatoki ndani. Mwisho wa kuhoji ni Jumatatu.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa nimeinamia meza. Mama mkwe alikuja akaweka mbele yangu sahani ya simboro, muhogo uliofungwa majanini, akasimama.

"Umekosa mtu," akasema.

"Nimekosa mtu, Mama."

"Unatafuta wake zao tu?"

"Waliobaki nyumbani. Wanaosubiri."

"Na mimi ninafanya nini hapa?" akasema. "Nacheza bao?"

Nilimtazama. Miezi yote hii yuko jikoni kwangu, mwanawe ndiye anayepiga, na simu haimfikii mpaka salio liko ukingoni. Nilimpigia Dakta Latu, nikamweleza kwamba huyu ni mama mkwe wangu na anaishi na mimi. Akasema niandike hivyo hivyo wazi katika mradi, na nimpe mama haki zote nilizowapa wengine. "Na ujiandae," akasema, "akina mama wakwe hawana dibaji."

Nikamsomea haki zake. Aliposikia anaweza kujitoa wakati wowote akasema, "Nijitoe niende wapi? Anza."

Alizungumza mpaka wali ukaungua. Baba yake Tarilama aliwahi kwenda kisiwa cha Santo kwenye minazi ya Wafaransa, akakaa miaka, hakuna simu, hakuna barua kwa kuwa hakujua kuandika. Kila meli ilipotia nanga Tongoa yeye mama alishuka ufukweni na mtoto kiunoni, na mtoto huyo ndiye Tarilama. Watu walianza kumcheka. Alikuwa anawauliza mabaharia swali moja tu: anarudi lini?

"Nikuambie kitu," akasema. "Najua hujui anarudi lini. Mimi si mjinga. Nauliza kwa sababu nyumba ambayo hakuna anayeuliza, mtu wake amekwisha kuhesabiwa na waliopotea."

Sikuweza kuuliza swali lililofuata. Nikanyamaza, na safari hii haikuwa mbinu.

Akaniambia nisilie juu ya simboro, ina chumvi ya kutosha.

Jumapili, 18 Mei

Leo nilimpa yeye simu kwanza. Akatoka nayo nje, akakaa chini ya waya wa kuanikia nguo. Aliporudi macho mekundu. Mwanawe amemwambia.

"Nimemtukana," akasema kwa kuridhika. Akanipa simu.

"Nitakwenda kujisalimisha," akasema Tarilama. "Mama kasema nisiporudi atakuja mwenyewe kwa meli. Na ataweza."

Ijumaa, 30 Mei

Nimewasilisha mradi. Kurasa zimetoka printa zikiwa na joto kama mkate. Mwishoni, pa kuwashukuru waliosaidia, nimeacha mstari kwa mtu mmoja aliyejitoa, bila jina, bila mtaa, nikisema alichonifundisha hakimo humu.

Jumatatu, 9 Juni

Mtihani wa takwimu. Nadhani nimefaulu. Sijui.

Jumanne, 17 Juni

Amejisalimisha. Wamemweka katika nyumba moja wanaposubiri ndege, pamoja na wengine kama yeye. Hawajatajiwa siku. Itakuwa wiki, au miezi. Ana marufuku ya kurudi Australia, na bati letu linaishia nusu ya sebule.

Ijumaa, 27 Juni

Dakta Latu alinigeuzia kompyuta yake, kama siku ile ya mvua. Nadharia, nimefaulu. Mradi, nimefaulu vizuri. Takwimu nimepita kwa kukwaruza ukuta. Sosholojia imekamilika, hakuna nilichobakiza.

"Sasa una cheti na unajua mambo," akasema. "Hatari hiyo."

Nikatoka nje. Jua, nyasi zinatoa mvuke, wanafunzi wamelala chali. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote maishani mwangu, na nilisimama na simu mkononi nikimtamani mtu mmoja tu wa kumpa, na huko aliko simu wanapewa Jumapili.

Jumapili, 29 Juni

Amepiga kwa picha.

Mara ya kwanza tangu mwaka jana. Amekonda. Ana mvi kidevuni ambazo sikuagana nazo. Nyuma yake ukuta mweupe, kitanda cha chuma, dirisha la juu lenye kipande cha mbingu. Mere alimwonyesha pengo. Jino lilikataa kusubiri, lilitoka kwenye kipande cha muhogo, na amelimeza au tumelitupa, hatujui. Baba yake akacheka mpaka akafunika uso.

Mama mkwe akachungulia. "Wanakulisha nini huko? Umekuwa kama mti wa kuanikia nyavu."

Kisha wakaniachia. Nikamwambia nimefaulu. Akainuka, akaenda kuwaambia wale wanaume wengine, nikasikia makofi, makofi ya watu nisiowajua, wote wanaosubiri kurudishwa kwao.

Aliporudi nilimwomba azungushe simu taratibu. Nikaona mlango. Nikaona ndoo, na kandambili, na gitaa bila kamba moja ambalo si lake. Nikamwomba aende dirishani aniinulie nione nje. Ni uwanja wa saruji tu, na uzio.

"Hakuna cha kuona," akasema.

"Shikilia hapohapo," nikamwambia. Nikatazama mpaka salio likaisha.